Andika Kilo! Tairi Kubwa Linauzwa kwa Inchi, Lakini Linabebwa kwa Mgongo

Leo nina neno na wale mnaouza matairi makubwa mtandaoni: ya Land Cruiser, ya pikapu zilizonyanyuliwa, ya magari ya safari kule Arusha, ya kambi za migodini na mashambani. Kama wewe unauza betri, majiko au makabati, usiondoke. Utajikuta humu humu.

Pita kwenye kurasa tano za matairi sasa hivi. Utaona picha kali, saizi, bei (au "njoo inboksi"), halafu maneno yale yale: mzigo mpya umeingia, tairi ngumu, mkoani tunatuma. Kitu kimoja hutakiona. Hutaona uzito. Hakuna anayeandika kilo.

Mimi msimamo wangu ni huu: tairi kubwa lisiloandikwa kilo limetangazwa nusu. Na anayeumia kwa ile nusu iliyofichwa ni watu wawili, wewe unayelibeba leo na mteja atakayelibeba kesho porini peke yake. Wote wawili umri unasonga.

Najua kuna mtu ameshaanza kucheka. "Kilo za nini, kwani nauza nyama?" Haya, sikiliza kwanza.

MATAIRI YANAKUA, SISI TUNAZEEKA

Land Cruiser 70 ilitoka mwaka 1984, na pikapu zake nyingi huku kwetu zimetembea miaka na miaka na tairi la 7.50R16. Hilo ni tairi jembamba, kimo chake karibu inchi 32. Dereva wa enzi hizo alikuwa analishusha, analifunga, anapangusa mikono, safari inaendelea.

Sasa angalia mambo yalikofika. Kule Marekani mwaka 2021 Ford waliileta Bronco ikiwa na chaguo la tairi za inchi 35 kutoka kiwandani, na mwaka huo huo wakaitangaza F-150 Raptor yenye chaguo la inchi 37. Mitindo hiyo inafika kwetu kupitia simu. Mteja anaona video, anakuja inboksi: "Kaka, nataka 35 kwenye pikapu yangu, iwe na sura ya kazi." Unamtumia picha, mnapatana bei, oda imepita. Inchi zimezungumzwa, bei imezungumzwa, kilo hazijatajwa na mtu yeyote.

Tuzitaje basi. Tairi la gari dogo, tuseme 195/65R15, likiwa na rimu ya chuma lina kama kilo 16 au 17. Mtu mzima analiinua bila kufikiria. Tairi la 265/75R16 la kazi nzito, lile la nyuzi nyingi, peke yake lina kati ya kilo 20 na 24. Livishe rimu ya chuma, umepita 30. Tairi la 35x12.50R17 bila rimu lina kati ya kilo 28 na 36 kutegemea aina. Likiwa na rimu unacheza kwenye kilo 40 hadi 50. La inchi 37 likiwa na rimu linafika 45 hadi 55.

Mfuko wa saruji una kilo 50. Kwa hiyo ukimuuzia mtu tairi la spea la inchi 37, umemuuzia mfuko wa saruji wa duara, usio na pa kushika, wenye matope, ambao siku moja atatakiwa kuuinua kutoka chini na kuulenga kwenye studi tano au sita bila kukosea.

MWILI UNASEMAJE

Wataalamu wa afya wanasema misuli huanza kupungua taratibu baada ya miaka 30, kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Zile sahani laini zilizo katikati ya pingili za mgongo nazo hupoteza maji kadiri miaka inavyokwenda, zinakuwa ngumu na nyembamba. Ndiyo maana tairi ulilolirusha kwenye kirikuu ukiwa na miaka 27, ukiwa na 48 linakurushia maumivu ya wiki mbili. Tairi ni lile lile. Mwenye mgongo ndiye amebadilika.

Wenzetu wameweka hata namba. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, kwenye hesabu yake ya mwaka 1991 inaanzia kilo 23. Na hizo 23 ni pale kila kitu kimekaa vizuri: mzigo uko karibu na kifua, hujainama, hujajipinda, una pa kushika. Ukiinama, namba inashuka. Ukinyoosha mikono, inashuka tena. Mamlaka ya Uingereza, HSE, kwenye mwongozo wake inataja kilo 25 kwa mwanaume na 16 kwa mwanamke mzigo ukiwa usawa wa kiuno na karibu na mwili. Ukiuokota chini kabisa, inataja 10 kwa mwanaume na 7 kwa mwanamke.

Soma tena: kilo 10 kutoka chini. Na tairi likishatoka kwenye gari liko wapi? Chini. Lile la 35x12.50 lina upana wa sentimita 32 hivi, yaani hata ukilikumbatia, uzito wake uko mbali na kifua chako. Sasa jumlisha mwenyewe.

Sisemi kila anayeinua zaidi ya hapo ataanguka palepale. Watu wanainua kila siku Gerezani, Ilala na kila gereji unayoijua. Ninachosema ni kwamba kila ukiinua, unachota kwenye akiba ambayo hairudishwi. Na sisi wauzaji wadogo hatuna bosi wa kutupa likizo ya ugonjwa. Ukilala chali wiki mbili, ukurasa unanyamaza, inboksi hazijibiwi, mteja anahamia kwa jirani, na kodi ya stoo inakungoja palepale. Mgongo wako ni sehemu ya mtaji. Kuna watu wana bima ya stoo nzima lakini uti wa mgongo wanaukopesha kila siku bila riba.

KILO INAKUBADILISHA WEWE KWANZA

Ukishalazimika kuandika kilo kwenye posti, itabidi uijue. Na ukiijua, utaanza kulishika tairi tofauti.

Kupata uzito si kazi. Watengenezaji wengi wanauweka kwenye katalogi zao, saizi kwa saizi. Kama ni tairi la mtumba lisilo na maelezo, liviringishe hadi kwenye mizani ya duka la nafaka, dakika mbili umemaliza. Jambo moja la kuangalia: ukutani mwa tairi kuna maandishi ya mzigo, mfano namba 121 ambayo maana yake ni kilo 1,450. Huo ni mzigo ambao tairi linaweza kubeba likiwa barabarani. Uzito wa tairi lenyewe ni kitu kingine. Usije ukaandika "kilo 1,450" watu wakakucheka mwezi mzima.

Sasa stoo. Sheria yangu ya kwanza ni hii: tairi liliumbwa liviringike, liache liviringike. Mtu anayebeba tairi begani kutoka mlangoni hadi ukutani anaonyesha nguvu mbele ya watu ambao hawatamlipia hospitali.

Pili, mazito yasimame chini. Matairi makubwa yapange wima, safu moja, kama vitabu, yaliyo mazito karibu na mlango. Ukiyapanga kwa kulaza moja juu ya jingine, la nne litakulazimisha uinue hadi kifuani, na siku mteja akitaka lile la chini ndipo utajuta.

Tatu, tafuta ubao. Ubao mgumu wa mita mbili na nusu, ukiegemezwa kwenye bodi ya kirikuu au pikapu na kufungwa usiteleze, unageuza kuinua kuwa kusukuma. Unaviringisha tairi linapanda lenyewe, mmoja anasukuma chini, mwingine anapokea juu. Asisimame mtu nyuma ya tairi kwenye njia yake ya kurudi, simama ubavuni. Ubao huu ni bei rahisi kuliko sindano moja ya maumivu.

Nne, ukilazimika kuinua, muwe wawili, mkubaliane nani anahesabu. "Moja, mbili, tatu, juu." Piga magoti, mgongo unyooke, mzigo ubane mwilini, na usigeuze kiuno ukiwa umeubeba, geuza miguu.

Kuna anayesema, "Mimi siinui, nina kijana." Sawa. Ila kijana naye ana mgongo, na miaka ishirini ijayo atakuwa na umri wako. Ukimfundisha ubao leo, umempa kazi ya muda mrefu. Ukimwacha abebe begani kwa sababu bado ana nguvu, unatumia akiba ya mtu mwingine.

KILO INABADILISHA BEI YAKO

Hapa ndipo wengi tunapovuja pesa bila kujua.

Tuseme faida yako kwa tairi ni shilingi 60,000. Umeuza manne, faida ni 240,000. Umemwambia mteja "nakuletea bure mpaka getini". Kirikuu amechukua 40,000. Vijana wawili wa kupakia na kushusha, 20,000. Umefika, mteja anasema, "Naomba msaada kidogo, yapandishwe kule ghorofani stoo." Unapandisha, kwa sababu mteja ni mfalme. Jioni kiuno kinawaka, kesho hufungui. Ile "bure" imekula robo ya faida, na siku nzima ya mauzo juu yake.

Matairi manne ya inchi 35 bila rimu ni kilo 112 hadi 144. Huo si mzigo wa bodaboda. Si mzigo wa "nitakuja nayo nikipita". Ni safari kamili yenye gari, watu na muda. Ukiwa umeandika kilo kwenye posti, mteja mwenyewe anaelewa kwa nini usafiri unalipiwa. Asipoziona, atadhani unamkamua.

Kwa hiyo gawa bei yako sehemu tatu, ziandike waziwazi: bei ya tairi, gharama ya kulifikisha, gharama ya kulifunga kwa fundi. Anayetaka kuja kuchukua mwenyewe alipe ya kwanza tu. Anayetaka afunguliwe mlango wa gari akute kila kitu kiko tayari, alipe zote tatu. Kazi ya mwili ni bidhaa. Ukiitoa bure kwa miaka kumi, ikifika siku mwili umekataa, utalazimika kuanza kuiuza kwa wateja uliowazoesha kuipata bure. Anza mapema.

Kwa wa mikoani, kilo zinakusaidia kupatana na watu wa vifurushi vya basi kabla, si baada. Piga simu, sema "ni manne, kila moja kilo 32, kimo sentimita 89". Utapata bei ya kweli. Ukienda kituoni bila namba, utapangiwa bei kwa macho, na macho ya mtu aliyechoka huongeza.

KILO INAMLINDA MTEJA

Hili ndilo la moyoni kwangu.

Wanunuzi wengi wa matairi haya si vijana. Anayemiliki Land Cruiser yake mwenyewe mara nyingi ni mtu wa makamo na kuendelea: mkulima, mkandarasi, dereva wa watalii mwenye miaka ishirini kazini, mstaafu aliyenunua pikapu ya shamba. Ana pesa ya tairi. Goti lake ndilo halina uhakika. Na pancha haichagui mahali pazuri. Inatokea pale mtandao hakuna, jua linazama, na msaada wa karibu ni saa mbili.

Muulize kwa heshima kabla ya kupokea pesa. Si lazima iwe hotuba. Mfano:

"Shikamoo mzee wangu."
"Marahaba kijana, habari za kazi."
"Nzuri mzee. Hili la inchi 35 likiwa na rimu litafika kilo 45 hivi. Pancha ikitokea njiani, huwa unakuwa na mtu wa kusaidiana naye?"
"Mara nyingi niko peke yangu naenda shamba."
"Basi mzee, kwa shamba lako 265/75R16 litakutosha, na ni jepesi kwa zaidi ya kilo kumi. Ukipenda lile kubwa pia lipo, ila nikuwekee na vifaa vya kukusaidia."

Umeona? Hujamwambia amezeeka. Umempa namba, akaamua mwenyewe. Mzee huyo akifika nyumbani atawaambia wenzake kuna kijana anauza matairi kwa adabu. Hilo tangazo hulinunui.

Akiamua kuchukua kubwa, mpe maelekezo haya. Yaweke kwenye picha moja, yatume kila unapouza. Hakuna nguvu humu, ni akili tu:

1. Simamisha gari sehemu tambarare na ngumu. Breki ya mkono, gia, mawe mbele na nyuma ya tairi lililo upande wa pili.

2. Legeza nati gari likiwa bado chini. Tumia wili spana ndefu au ingiza bomba la kuongeza urefu wa mpini. Sukuma kwa uzito wa mwili kuelekea chini, usivute kwa kiuno.

3. Ingiza jeki kwenye ubao mpana ili isizame mchangani. Nyanyua kidogo tu, tairi liache ardhi. Tairi la spea likiwa na upepo ni nene kuliko lenye pancha, kwa hiyo ongeza kidogo, basi. Kila sentimita ya ziada unayonyanyua gari ni sentimita utakayolazimika kuinua tairi.

4. Tairi la zamani usilibebe. Livute lishuke lenyewe, lilaze, ulisukume chini ya chasisi karibu na jeki. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi, si mguu wako. Na kamwe usiingize mwili chini ya gari lililo kwenye jeki.

5. Viringisha spea hadi mbele ya studi. Lizungushe likiwa chini mpaka tundu moja lielekee studi ya juu. Kaa chini kabisa, makalio ardhini, miguu pande mbili za tairi. Pitisha beleshi au chuma kirefu chini ya tairi, kandamiza mpini, tairi linapanda sentimita zile mbili tatu. Linaning'inia kwenye studi ya juu, unaweka nati ya kwanza kwa vidole.

6. Kaza kwa kuruka, nati hii kisha ile inayoitazama. Shusha gari, kisha kaza tena kwa nguvu. Toa kwanza tairi lililoko chini ya chasisi kabla ya kushusha. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, simama ukaze tena.

7. Lile lenye pancha kulirudisha kwenye gari ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Tumia ubao ule ule. Kama huna msaada na mlango wa nyuma uko juu, usilitundike. Liviringishe lilale bodini, ulifunge kwa kamba.

Mwambie pia ajaribu nyumbani siku ya Jumapili, mara moja, kwa utulivu. Wengi wanagundua porini kwamba jeki iliyokuja na gari haifiki tena, kwa sababu gari limenyanyuliwa na matairi ni makubwa. Na spea ya kilo 45 kuipandisha juu ya paa ni mapambo; siku ya kuishusha ndipo utajua. Kama inawezekana, ikae nyuma au ndani, chini.

UZA VINAVYOPUNGUZA KUINUA

Hapa biashara inaanza kunoga. Mtu aliyenunua tairi zito anahitaji vitu vya kumfanya asilishike mara kwa mara.

Cha kwanza ni kiti cha kuziba pancha kwa kamba ya mpira na gundi. Msumari ukiingia sehemu ya kukanyagia, unaweza kuzibwa tairi likiwa bado limefungwa kwenye gari. Hakuna kuinua kitu. Mwambie ukweli lakini: kamba ile si ya ukutani mwa tairi, na akifika mjini fundi aliangalie kwa ndani.

Cha pili ni kompresa ndogo ya kuunganisha na betri. Kuziba bila upepo ni kazi bure.

Cha tatu, ubao wa jeki, bomba la spana, beleshi fupi na mkeka wa kupigia goti. Vifurushi hivi unaweza kuvipanga mwenyewe, ukavipa jina, ukaviweka kwenye picha pamoja na tairi. Faida yake kwa kilo moja ni kubwa kuliko ya tairi, na haviumizi kiuno chako kuvituma.

Na kuna kazi ambayo mwambie aiache kabisa: kuvisha na kuvua tairi kubwa kwenye rimu nyumbani. Hiyo ni ya fundi mwenye mashine. Zile rimu za zamani zenye pete ya chuma zimeua watu pete ikiruka wakati wa kujaza upepo. Marekani walitunga kanuni mwaka 1980 kwamba rimu za namna hiyo zijazwe zikiwa ndani ya kizuizi cha chuma. Fundi wako asiyekuwa na kizimba, anayejaza akiwa ameinamia tairi, au anayelipua petroli ili tairi likae, usimpelekee mteja wako. Ukimpendekeza na jambo likatokea, jina lako nalo limo.

"NIKIANDIKA KILO NITAKIMBIZA WATEJA"

Hii ndiyo hofu ninayoisikia. Naielewa. Mteja akiona "kilo 45" anaweza kushtuka akaenda kwa asiyeandika.

Wapo watakaoondoka. Lakini fikiria nani anaondoka. Ni yule ambaye angenunua, akashindwa kulishika, akarudi wiki ya pili anataka umbadilishie, au akaandika kwenye komenti kwamba ulimuuzia mzigo usiofaa. Mteja wa namna hiyo akiondoka kabla ya kulipa, amekupunguzia safari mbili za kirikuu. Anayebaki ni yule aliyeona namba, akajipima, akasema naweza au nitapata msaada. Huyo harudishi mzigo.

Kuna na wale wanaosema kutaja umri na mgongo ni kujishusha, kwamba biashara ya matairi ni ya wanaume wenye kifua. Mimi naona tofauti. Mjini hapa mafundi waliodumu kwenye kazi mpaka mvi ni wale wenye ubao, wenye toroli, wenye kumwita mtu wa pili. Waliokuwa wanabeba mawili mawili kwa sifa wengi wao sasa wanakaa kwenye benchi wanaelekeza kwa kidole. Mwili ukishakataa, hauombwi radhi.

Na dada zangu mnaouza matairi, mpo na mnafanya vizuri. Msikubali kuambiwa hii si kazi yenu kwa sababu ya uzito. Kwa mujibu wa zile namba za juu, tairi la kilo 45 si la mtu mmoja, awe mwanaume au mwanamke. Ubao na toroli havijui jinsia.

POSTI YAKO IWE HIVI

Chukua, badilisha namba, tumia:

"35x12.50R17, tairi la njia mbovu. Limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2024 (namba 2324 ukutani, picha ya tatu). Kimo sentimita 89. UZITO: kilo 32 bila rimu, takriban 45 likiwa na rimu. Kulifunga barabarani ni kazi ya watu wawili, au mmoja mwenye vifaa, tuulize tukuelekeze. Bei ya tairi: ... Kukuletea: ... Kufungiwa kwa fundi: ... Unasafiri peke yako? Tuambie, tutakushauri saizi."

Mistari michache tu. Lakini mteja akiisoma anajua amekutana na mtu anayeijua bidhaa yake. Wengine wote kwenye simu yake wameandika inchi. Wewe umeandika inchi na ukweli.

Na kama nilivyosema mwanzo, hili si la matairi peke yake. Unauza mtungi mkubwa wa gesi? Andika kilo. Betri ya sola? Andika kilo. Kabati, jenereta, mashine ya kusaga? Andika kilo, na uandike linapandaje ngazi. Kila bidhaa nzito ina mtu atakayeibeba, na mara nyingi wa kwanza kuibeba ni wewe.

Kesho asubuhi kabla hujaposti mzigo mpya, viringisha tairi moja mpaka kwenye mizani. Piga picha namba ile. Iweke kwenye posti. Kisha nenda ukatafute ubao.

Una njia yako ya kushusha mizigo mizito bila kuumia? Iandike hapo chini, wenzako wajifunze. Na yule rafiki yako anayebeba matairi begani kwa mbwembwe, mtumie hii kabla kiuno hakijamtumia ujumbe chenyewe.